Jongo: Maumivu yanayovamia usiku na jinsi ya kuyakabili

Na Mwandishi Wetu

MTU analala akiwa mzima. Amekula, ameoga, amezungumza na watoto wake, wala hana la kulalamikia isipokuwa uchovu wa kutwa. Ikifika saa nane au saa tisa usiku, anaamshwa na kidole gumba cha mguu. Kinawaka kama kimewekewa kaa la moto. Kimevimba, ngozi imenyooka na kung'aa, na hata uzito wa shuka hauvumiliki. Blanketi, ambalo katika baridi ya Mbeya au Mafinga hakuna anayelala bila hilo, linageuka kuwa adui.

Hiyo ndiyo sura ya kawaida ya shambulio la ugonjwa wa jongo, ambao wengi hospitalini huutaja kwa jina la gauti. Huanza ghafla, hufikia kilele cha maumivu ndani ya saa 12 hadi 24, na humwacha mtu mwenye nguvu zake akiwa hawezi kukanyaga chini.

Katika mikoa ya Mbeya na Iringa, kama ilivyo sehemu nyingi nchini, mguu uliovimba bila mtu kujikwaa huzua maswali. Wapo wanaosema mwenye mguu amekanyaga kitu kilichotegwa njiani. Wapo wanaomchanja kwa wembe ili damu wanayoiita mbaya itoke. Wapo wanaomkanda kwa majani ya moto. Na kwa kuwa shambulio la jongo hupungua lenyewe baada ya siku 7 hadi 14 hata pasipo dawa yoyote, kila kilichofanyika katika siku hizo hupewa sifa ya kuponya.

Hapo ndipo penye hatari. Maumivu yameisha, lakini ugonjwa haujaisha. Unabaki kimya ndani ya viungo kwa miezi au miaka, kisha unarudi, na kila unaporudi bila kutibiwa huweza kuacha uharibifu zaidi.

Ugonjwa wenyewe ni nini

Jongo hutokana na kuzidi kwa asidi ya yuriki katika damu. Asidi hiyo hupatikana mwili unapovunjavunja vitu viitwavyo purini, ambavyo vimo ndani ya seli za mwili wenyewe na ndani ya vyakula. Takribani theluthi mbili hutokana na mwili, na theluthi moja tu hutokana na chakula. Figo ndizo zenye kazi kubwa ya kuitoa asidi hiyo kwa njia ya mkojo, na sehemu iliyobaki hutoka kupitia utumbo.

Kwa wagonjwa wengi tatizo kubwa si kula kupita kiasi, bali ni figo kushindwa kutoa asidi hiyo kwa kasi inayotakiwa. Ndiyo maana ugonjwa huu huonekana katika baadhi ya koo kuliko nyingine, na ndiyo maana watu wawili waliokula meza moja kwa miaka 20 wanaweza kutofautiana, mmoja akaugua na mwingine asiugue.

Asidi ya yuriki inapozidi kiasi cha miligramu 6.8 katika desilita moja ya damu, huanza kuganda na kuwa fuwele ndogo mithili ya sindano. Fuwele hizo hujikusanya ndani na kandokando ya viungo. Kinga ya mwili inapozigundua huzishambulia kama inavyomshambulia mdudu wa maradhi, na vita hiyo ndiyo inayoleta joto, uvimbe na maumivu.

Asidi hiyo huganda kwa urahisi zaidi penye ubaridi, na vidole vya miguu ni miongoni mwa sehemu zenye ubaridi zaidi mwilini. Hiyo ni sababu mojawapo ya shambulio la kwanza kupiga kwenye kidole gumba cha mguu kwa karibu nusu ya wagonjwa. Sehemu nyingine zinazopigwa ni unyayo, kifundo cha mguu, goti, kiwiko, kiganja na vidole vya mikono.

Ugonjwa huu ulijulikana tangu enzi za mganga wa Kiyunani, Hippocrates, karne ya tano kabla ya Kristo. Mwaka 1848 daktari wa Uingereza, Alfred Garrod, alionyesha kuwa damu ya wagonjwa hao ina asidi ya yuriki nyingi, na mwaka 1961 madaktari wa Marekani, Daniel McCarty na Joseph Hollander, walithibitisha kuwapo kwa fuwele zake katika majimaji ya viungo. Huko Ulaya uliitwa maradhi ya wafalme kwa kuwa ulihusishwa na nyama na mvinyo. Jina hilo limewapotosha wengi kudhani kwamba mkulima wa Kilolo au fundi wa Mwanjelwa hawezi kuupata. Anaweza.

Wanaoupata zaidi ni wanaume wenye umri wa kuanzia miaka 30 na kuendelea. Wanawake hulindwa kwa kiasi na homoni zao, na hatari yao huongezeka baada ya kukoma hedhi. Unene, shinikizo la damu, kisukari na ugonjwa wa figo huongeza uwezekano wa kuugua.

Saa za kwanza

Usiku ule wa kwanza, mara nyingi zahanati imefungwa na usafiri ni wa shida. Hata hivyo, yapo mambo ambayo mgonjwa na familia yake wanaweza kuyafanya nyumbani.

Kwanza ni kuupumzisha mguu. Mgonjwa alale au aketi, mguu uinuliwe juu ya mto, na usibebeshwe uzito wowote. Shuka linaweza kuzuiwa lisiuguse mguu kwa kuweka boksi tupu au kigoda kitandani, kisha shuka likapita juu yake.

Pili ni ubaridi. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, au kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, kiwekwe juu ya kiungo kwa dakika 15 hadi 20, kiondolewe, na kirudiwe mara kadhaa kwa siku. Barafu isigusane na ngozi moja kwa moja. Watu wengi hukimbilia maji ya moto, lakini kiungo hicho tayari kinawaka, na wagonjwa wengi hupata nafuu kwa ubaridi kuliko kwa joto.

Tatu ni maji ya kunywa. Mgonjwa anywe maji ya kutosha ili figo zifanye kazi yake, isipokuwa kama aliagizwa na daktari kupunguza maji kwa sababu ya ugonjwa wa moyo au figo. Pombe ya aina yoyote iachwe kabisa, hata kama rafiki anashauri kwamba bilauri moja itapunguza maumivu.

Nne, kiungo kisichuliwe, kisivutwe na kisichanjwe. Kuchua huongeza maumivu. Chale huweza kuingiza vijidudu mahali ambapo havikuwapo, na jongo lililokuwa la siku chache likageuka kuwa jipu ndani ya kiungo. Wembe uliotumika kwa watu wengi huweza pia kuambukiza virusi vya homa ya ini na vya Ukimwi.

Tano ni dawa ya kutuliza uvimbe, na hapa muda una thamani kubwa. Dawa ikianza mapema, hasa ndani ya saa 12 tangu maumivu kuanza, hufanya kazi vizuri kuliko ikianza siku ya tatu.

Dawa na tahadhari zake

Yako makundi matatu ya dawa zinazotumika kukata shambulio. Hakuna lililo bora kwa kila mtu. Uchaguzi hutegemea maradhi mengine aliyonayo mgonjwa.

Kundi la kwanza ni dawa za kutuliza uvimbe kama ibuprofeni, diklofenaki na indomethasini. Hizi ndizo zilizo karibu zaidi na mwananchi. Hazifai kwa mwenye ugonjwa wa figo, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri, wala kwa mama mjamzito bila ushauri wa daktari. Kosa la kawaida ni kumeza mbili za kundi hili kwa pamoja, kwa kuwa zimenunuliwa katika maduka tofauti zikiwa na majina tofauti ya biashara. Mnunuzi amwonyeshe muuzaji kila alichokwisha kumeza.

Kundi la pili ni kolkisini. Zamani ilitolewa kwa wingi hadi mgonjwa anaharisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa dozi ndogo ya miligramu 1.2, ikifuatiwa na miligramu 0.6 baada ya saa moja, ilisaidia sawa na dozi kubwa ya miligramu 4.8, huku ikisababisha kuhara kwa watu wachache zaidi. Kuongeza vidonge kwa hiyo hakuongezi nafuu, huongeza sumu. Dozi kubwa ya kolkisini huweza kuua.

Tahadhari ya dawa hii inaigusa Nyanda za Juu Kusini kwa namna ya pekee. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 uliiweka mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya miongoni mwa yenye kiwango cha juu zaidi cha maambukizi ya VVU nchini. Baadhi ya wanaotumia dawa za kufubaza virusi, hasa za mstari wa pili, hutumia mchanganyiko wenye ritonaviri. Ritonaviri huzuia kolkisini isitoke mwilini, na kiasi chake katika damu hupanda hadi kuwa cha hatari. Dawa ya klarithromaisini, ambayo hutolewa pia kwa wenye vidonda vya tumbo, hufanya vivyo hivyo. Mgonjwa anayetumia dawa hizo hana budi kumweleza daktari kabla ya kupewa kolkisini. Kuficha kwa aibu kunaweza kugharimu maisha.

Kundi la tatu ni prednisoloni, ambayo hutolewa kwa siku chache, mara nyingi kwa wale ambao makundi mawili ya kwanza hayawafai. Hupandisha sukari, hivyo mwenye kisukari anahitaji kupimwa mara kwa mara katika siku hizo. Isinunuliwe bila cheti cha daktari.

Parasetamoli hupunguza maumivu kidogo lakini haigusi uvimbe wenyewe. Aspirini haifai kutuliza maumivu ya jongo, kwa kuwa dozi ndogo huzuia figo kutoa asidi ya yuriki. Hata hivyo, aliyepewa aspirini na daktari kwa ajili ya moyo au kiharusi asiiache kwa sababu hiyo.

Si kila uvimbe ni jongo

Kiungo kilichoingiwa na vijidudu huvimba, huwaka na huuma kama chenye jongo, lakini kinaweza kuharibika kabisa ndani ya siku chache. Mgonjwa apelekwe hospitali bila kusubiri asubuhi ya pili iwapo ana homa kali au anatetemeka, iwapo kuna kidonda au mchubuko karibu na kiungo, iwapo wekundu unapanda kuelekea juu ya mguu, iwapo ni mtoto, au iwapo kinga yake ya mwili ni dhaifu. Vivyo hivyo kwa yeyote ambaye hajawahi kupata shambulio na hajui kilichompata.

Kipimo cha uhakika ni kuvuta majimaji kidogo ya kiungo kwa sindano na kuyatazama kwa hadubini kutafuta fuwele na vijidudu. Mahali ambapo kipimo hicho hakipatikani, daktari huamua kwa historia ya mgonjwa, uchunguzi wa mwili na kipimo cha damu. Lipo jambo moja ambalo huwachanganya wengi: wakati wa shambulio, asidi ya yuriki katika damu inaweza kuonekana ya kawaida. Majibu hayo hayaondoi jongo. Kipimo kirudiwe wiki mbili au zaidi baada ya maumivu kuisha.

Mgonjwa anaweza kuanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye. Inapobidi, rufaa hufuata njia ya kawaida hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

Yanayochochea shambulio

Pombe ni kichocheo kikubwa. Huongeza utengenezaji wa asidi ya yuriki na papo hapo huzuia figo kuitoa. Bia ina purini zake yenyewe juu ya kilevi, na pombe kali nayo haina nafuu. Pombe za kienyeji zinazopendwa katika mikoa hii, ukiwamo ulanzi unaogemwa kwenye mianzi ya Iringa msimu wa mvua, pamoja na komoni na kimpumu, zote zina kilevi, na hoja kwamba ni za asili haizifanyi kuwa salama kwa mwenye jongo.

Nyama za ndani kama maini, figo na utumbo zina purini nyingi. Nyama nyekundu, ikiwamo ya nguruwe maarufu kama kitimoto, inahitaji kuliwa kwa kiasi. Samaki wadogo wanaoliwa wazima wamo katika kundi hilo, wawe dagaa au usipa wa Ziwa Nyasa. Soda na juisi zenye sukari nyingi nazo hupandisha asidi hiyo.

Kwa upande mwingine, maharage na mboga za majani, ambazo wagonjwa wengi huambiwa waziache, hazijaonekana kuongeza hatari ya jongo kama nyama inavyofanya. Mkulima wa Mbeya hana sababu ya kuyakimbia maharage yake. Maziwa yasiyo na mafuta mengi na kahawa vimehusishwa na hatari ndogo zaidi. Hata hivyo, mabadiliko ya chakula peke yake hushusha asidi ya yuriki kwa kiasi kidogo tu. Mgonjwa asilaumiwe na familia kwamba ugonjwa umemrudia kwa sababu ya ulafi.

Kukaukiwa na maji ni kichocheo kingine. Madereva wa malori na mabasi katika barabara kuu ya Tanzania na Zambia, ambayo kati ya Iringa na Mbeya pekee ina zaidi ya kilomita 300, huweza kujinyima maji ili wasisimame njiani. Wapasua mbao wa Mufindi na vibarua wa mashambani nao hutokwa jasho kutwa nzima. Chupa ya maji ni kinga ya bei nafuu.

Zipo pia dawa. Baadhi ya vidonge vya shinikizo la damu vinavyoongeza mkojo, kama haidroklorothiazaidi, hupandisha asidi ya yuriki. Pirazinamidi, inayotumika katika miezi miwili ya mwanzo ya tiba ya kawaida ya kifua kikuu, hufanya hivyo pia. Jambo la kusisitiza ni kwamba mgonjwa asiache dawa hizo kwa uamuzi wake. Kifua kikuu kisichotibiwa hadi mwisho huua, na shinikizo lisilodhibitiwa huleta kiharusi. Amweleze daktari, kwa kuwa zipo njia nyingine. Kwa mfano, losatani ni dawa ya shinikizo ambayo hushusha asidi ya yuriki kwa kiasi.

Baada ya maumivu

Wiki mbili zimepita, viatu vinavalika, na mgonjwa amerudi kazini. Huu ndio wakati ambao wengi hupotea kliniki, na ndio wakati ambao tiba yenyewe ingepaswa kupangwa.

Asidi ya yuriki ikiachwa juu, fuwele huendelea kujilimbikiza. Baada ya miaka, vinundu vigumu huweza kutokea kwenye vidole, viwiko na masikio, viungo vikapinda, na mawe yakajitengeneza katika figo. Mtu aliyekuwa akipata shambulio moja kwa mwaka hujikuta akipata manne au matano.

Dawa inayotumika zaidi kuzuia hayo ni alopurinoli, ambayo ilianza kuruhusiwa nchini Marekani mwaka 1966. Waliohusika kuigundua, Gertrude Elion na George Hitchings, walikuwa miongoni mwa waliopata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1988. Dawa hii hupunguza utengenezaji wa asidi ya yuriki. Haitulizi maumivu, hivyo kuimeza usiku wa shambulio kwa kutegemea nafuu ni kujidanganya.

Kwa kawaida huanzishwa kwa miligramu 100 au pungufu kwa siku, kisha huongezwa taratibu hadi kipimo cha damu kishuke chini ya miligramu 6 kwa desilita. Hupendekezwa hasa kwa anayepata mashambulio mawili au zaidi kwa mwaka, mwenye vinundu, au ambaye viungo vyake vimeanza kuharibika.

Katika miezi ya mwanzo mashambulio yanaweza kuongezeka, kwa kuwa fuwele za zamani zinayeyuka na kusogea. Wengi huitupa dawa hapo wakiamini imewazidishia ugonjwa, ilhali ni dalili kwamba inafanya kazi. Madaktari huongeza dozi ndogo ya dawa ya kuzuia uvimbe kwa miezi mitatu hadi sita ili kuvuka kipindi hicho. Anayepata shambulio akiwa tayari anatumia alopurinoli aendelee nayo.

Tahadhari kubwa ni upele. Anayetokwa na upele, vidonda mdomoni au homa baada ya kuanza alopurinoli aiache mara moja na aende hospitali siku hiyohiyo, kwani kwa watu wachache dawa hii husababisha madhara makali ya ngozi.

Alopurinoli si dozi ya siku saba. Ni dawa ya muda mrefu, mara nyingi ya maisha, kama zilivyo za shinikizo la damu. Anayeiacha kwa sababu hajisikii maumivu hurudishia fuwele nafasi yake.

Kwa familia iliyoamshwa usiku na kilio cha baba au babu, hatua basi ni nyepesi kuzikumbuka: mguu uinuliwe, upozwe, maji yanywewe, wembe uwekwe mbali, na dawa inayomfaa ianze mapema. Kisha, mguu utakapopona, yaandikwe katika daftari la kliniki tarehe ya shambulio, kiungo kilichouma na dawa zilizotumika, na mgonjwa apelekwe kupimwa akiwa mzima. Safari hiyo ya pili, ya mtu asiyeumwa, ndiyo inayoamua kama usiku ule utajirudia.